Jampa ya Themanini na Tatu

Wiki iliyopita vijana wawili wenye duka la kompyuta karibu na soko walinipandia hadi nyumbani Rugerero wakiwa na madabodi mpya mikononi, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta. Ilikuwa na taa. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sikuwahi kuona madabodi inayowaka rangi kama ukumbi wa harusi. "Mama Bea," wakaniambia, "hii iko ya kukimbiza mashine. Unabonyeza tu, inajipanga yenyewe." Wakataka kujua kama ni kweli kwamba zamani sisi tulikimbiza mashine kwa mkono, na kama ni kweli niliwahi kuunguza moja.

Niliunguza tatu, kama mnataka hesabu kamili. Ila ile ninayotaka kuwasimulia haikuungua hata kidogo. Nawaandikia nyinyi wawili, na wengine wote mnaofungua mashine za watu hapa Gisenyi na ng'ambo Goma, kwa sababu nimestaafu na muda ninao, na kwa sababu yupo mtu ninayetaka kumshukuru mbele yenu. Yeye mwenyewe hawezi tena kusoma, ametangulia.

Mtu huyo ni Papa Kalinda. Alikuwa fundi wa redio Goma, akarudi Rwanda na familia yake kama tulivyorudi wengi, akafungua chumba kimoja kando ya barabara iendayo Grande Barrière, kivuko chetu cha mpakani na Goma. Mimi nilikuwa mpiga chapa. Siku moja nilimpelekea mashine yangu ya kuandikia iliyokuwa inaruka herufi, nikakaa kumtazama akiitengeneza, na kesho yake nikarudi bila mashine yoyote, nimekuja kutazama tu. Hakuniuliza nataka nini. Alinipa bisibisi.

"Bon," akasema. "Vidole yako iko kidogo-kidogo. Itanisaidia."

Wanaume waliokuwa wakileta redio walicheka kuona mwanamke ameinama juu ya waya. Papa Kalinda aliniachia mimi niwahudumie, basi. Kompyuta zilipoanza kuingia mjini, yeye alikuwa tayari na nywele nyeupe, akasema hizo ni zangu, atanisaidia kwa pua. Alikuwa na pua ya ajabu. Aliweza kuingia dukani mwa mtu, akasimama, akasema kifaa cha umeme kwenye ile mashine ya pembeni hakitamaliza mwezi.

Alikuwa pia na desturi moja iliyonichosha sana. Hakufungua mashine ya mtu kabla ya kukaa na mwenyewe. Alivuta viti viwili, akaagiza chai, akauliza: hii mashine inakufanyia kazi gani? Kuna nini ndani? Nani atalia kikipotea? Hapo ndipo alipogusa skrubu ya kwanza. Mimi nilikuwa kijana na mwenye haraka, nikaona anapoteza asubuhi nzima kwa maneno.

"Mashine iko na mwenyewe," alikuwa akiniambia. "Anza na mwenyewe."

Sasa niwaeleze kukimbiza kulivyokuwa, maana nyinyi mnabonyeza tu. Madabodi ina mapigo yake, kama moyo. Prosesa inachukua mapigo hayo na kuyazidisha. Zile prosesa za bei nafuu za mwaka tisini na nane, tisini na tisa, zilikuwa zinapokea mapigo sitini na sita na kuyazidisha mara nne na nusu, unapata mia tatu. Kiwanda kiliandika juu yake mia tatu na watu wakaamini. Lakini ukipata madabodi nzuri, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye kiherehere, ungeweza kuyapandisha mapigo yenyewe. Kulikuwa na vifuniko vidogo vyeusi, vidogo kuliko punje ya mahindi, tunaviita jampa. Unakivua kimoja kwa kucha, unakichomeka safu ya pili, na mashine ile ile inaamka ikiwa kali zaidi. Sabini na tano, themanini na tatu, mia moja. Ukifika mia moja, prosesa ya mia tatu inakuwa ya mia nne na hamsini bila kununua kitu. Nilipoona hivyo mara ya kwanza niliimba.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Prosesa iliyokimbizwa inachemka, na kati yake na bati la kupozea unapaka dawa nyeupe ili joto lipite vizuri. Dawa iliisha, na ya kuagiza Goma ilikuwa bado njiani. Nikapaka majarini ya mkate. Mashine ilikwenda vizuri hadi saa nne, kisha chumba kizima kikanukia kifungua kinywa. Papa Kalinda alivuta hewa, akauliza nani ameleta mandazi. Kwa juma zima sisimizi walikuwa wakipanga foleni kuingia ndani ya ile mashine, na mwenye mashine mpaka leo akiniona anauliza kama nina chai.

Nilijifunza pia kuhusu vumbi. Mashine zilizotoka Goma zilikuwa na lile vumbi jeusi la mawe ya mlima wa volkano, linakwaruza feni hadi inalia. Za huku kwetu karibu na ziwa zilikuwa na unyevu. Kwa hiyo ya Goma unaipuliza, ya Gisenyi unaikausha, na usichanganye. Hilo mliandike, halijazeeka.

Twende kwa Epifania.

Epifania alikuwa katibu wa ofisi ndogo ya kutafutia watoto waliopotezana na wazazi wao katika ile misongamano ya kukimbia vita na kurudi. Alikulia Tanzania, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba sisi tulinyamaza kidogo akiongea. Alikuwa na kompyuta moja, na ndani yake orodha ya watoto. Habari za watoto zilikuja kwenye kadi zilizoandikwa kwa penseli, nyingi zikitoka ng'ambo, na yeye alizichapa moja moja: jina, baba, mama, mahali. Kadi zenyewe alizitia katika maboksi matatu ya viatu chini ya meza, akawa anawekea miguu.

Mzazi akija, Epifania anaandika jina, mashine inatafuta. Inatafuta. Inatafuta. Mzazi amesimama pale anaangalia kile kidude cha saa ya mchanga kwenye kioo, hajui maana yake ila anajua bado hajajibiwa. Epifania alinifuata karakana.

"Dada Bea, siwezi tena kuwatazama usoni wakati inatafuta. Naomba uiongezee kasi. Lakini usizidishe, tafadhali, mashine ni hiyo moja tu."

Siku nilipokwenda, Alhamisi, kwenye benchi la ofisi alikuwapo mama mmoja wa Nyamyumba, jina lake Veneranda. Alikuja kila Alhamisi kwa miguu, na kikapu chake cha soko. Alikuwa akimtafuta binti yake Uwase, aliyepotea kwenye msongamano akiwa na miaka minne. Epifania aliandika Uwase, mashine ikatafuta weee, ikasema hakuna. Veneranda akashukuru, akachukua kikapu chake. Mtu anaambiwa hakuna na anashukuru. Nilitaka ile mashine ikimbie kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Nilikuwa na madabodi mpya kutoka kwa mfanyabiashara wa Goma, nzuri kabisa, na kijitabu chake cha Kiingereza. Mimi Kifaransa kinanitosha, Kiingereza nilikuwa naangalia picha. Nikaifunga, nikatia prosesa ya mia tatu. Mia moja niliiona ni tamaa, na Epifania alikuwa ameniomba nisizidishe. Sitini na sita ilikuwa ni pale pale. Nikachagua katikati. Nikaweka jampa kwenye themanini na tatu na nikajiona mtu mwenye busara.

Papa Kalinda aliniuliza jioni ile kama nilikaa na Epifania kwanza, kama nilinakili orodha kwenye disketi kabla ya kugusa. Nikamwambia nitanakili kesho. Kesho ilikuja na kazi zake.

Siku chache zile zilikuwa za raha. Epifania aliandika jina, na kabla hajainua kichwa jibu lilikuwa limefika. Alinitumia ndizi. Halafu akaja kuniambia baadhi ya majina yana alama za ajabu katikati, mtoto mmoja amekuwa na herufi tano na mkasi. Nikamwambia ni printa. Alhamisi asubuhi akaja mbio, bila koti.

Mashine haikuwaka. Yaani iliwaka, ikaandika kwamba haioni chochote kwenye diski. Nilijaribu kila ninachokijua. Nilipofanikiwa kuifungua orodha kwa njia ya pembeni, ilikuwa uji mtupu. Majina yote. Veneranda alikuwa kwenye benchi, kikapu miguuni, anangoja zamu yake.

Epifania hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Dada Bea, majina yako wapi?"

Na mimi, vijana wangu, nikasema ni umeme. Nikasema jana umeme ulikatika mara mbili, na kweli ulikatika, ndiyo maana uongo ulitoka vizuri. Niliona aibu wakati ule ule ninausema. Papa Kalinda, niliyekuwa nimemwita anisaidie, alikuwa ameinama juu ya mashine na tochi yake. Hakunusa kitu. Alivaa miwani, akatazama safu ya jampa.

"Bea. Ulisogeza nini?"

Nikaukamata waya wa umeme, kana kwamba kosa liko pale.

"Si umeme," akasema. "Umeme inaunguza, inanuka. Hapa hakuna harufu. We ulisogeza nini?"

Nikawaambia, mbele ya Epifania na mbele ya yule mama: niliikimbiza, ni mimi, na sikunakili. Epifania akakaa chini. Veneranda hakuelewa habari ya mapigo, akamwuliza Epifania kwa Kinyarwanda kama mtoto wake alikuwa ndani ya kile kitu. Hilo swali sijalisahau.

Kosa lenyewe nililielewa baadaye, nilipompa mtu wa Kiingereza anisomee kile kijitabu. Diski nayo inapokea mapigo, ila ubao unayagawanya kwanza. Ukiwa sitini na sita, yanagawanywa kwa mbili, diski inapata thelathini na tatu, ndiyo kipimo chake. Ukiwa mia moja, ubao unagawanya kwa tatu, diski inapata thelathini na tatu tena, salama kabisa. Lakini ukiwa themanini na tatu ubao bado unagawanya kwa mbili, diski inapata zaidi ya arobaini, na inaanza kuandika ovyo huku kila kitu kingine kinacheka. Ile katikati yangu ya busara ndiyo ilikuwa mahali pabaya kuliko pote. Jedwali lilikuwa ukurasa wa kumi na moja, lina picha hata.

Siku ile lakini hatukuwa na jedwali. Tulikuwa na maboksi matatu ya viatu. Papa Kalinda aliyavuta kutoka chini ya meza, akapangusa alama za viatu vya Epifania.

"Donc," akasema, "tunaanza."

Alifunga karakana yake. Nirudie hapo: mzee yule alifunga mlango wake kwa siku tisa kwa ajili ya kosa langu, na hakuniambia neno hata moja la kunichoma. Mimi nilirudisha jampa kwenye sitini na sita, nikaisafisha diski, nikakaa kuchapa, maana hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza. Epifania alinisomea boksi moja, Papa Kalinda lingine.

Epifania alisoma kama maji. Papa Kalinda alisoma kama anayevuka mto kwa mawe. Jina, anapumzika. Baba, anapumzika. Halafu anageuza kadi anasoma na nyuma. Alikuwa hivyo, alisoma kila kitu, hata maandishi ya kiberiti. Tulimtania.

"Papa, nyuma hakuhitajiki," Epifania alimwambia. "Fomu ina mistari minne tu: jina, baba, mama, mahali. Huko nyuma wanaandika maneno ya watoto."

"Njo hayo nasoma," akasema, yaani ndiyo hayo hasa. "Mutoto naye alisema."

Siku ya sita, kabla ya mchana, alichukua kadi moja ya Goma. "Maombi," akasoma. "Jina tulimupatia hapa. Baba, hajulikani. Mama, anamuita mama tu. Mahali, haijulikani." Nikachapa. Akaigeuza. "Kovu ya kuungua, muguu ya kushoto. Anasema kwao maji inachemuka bila moto, na njo ilimuunguza." Akaiweka mezani, akachukua nyingine.

Mikono yangu ikasimama juu ya vitufe.

"Papa, rudia."

"Kwao maji inachemuka bila moto."

"Amashyuza!" nikapiga kelele. "Ni maji ya moto ya Nyamyumba!"

Epifania alitutazama wote wawili. Alikuwa hajafika Nyamyumba hata siku moja. Wakati anaichapa kadi ile mara ya kwanza alidhani ni hadithi ya mtoto mwenye homa, na hata angeamini, fomu haikuwa na mstari wa kuiandika. Tangu hapo mtoto alikuwa ndani ya mashine kwa jina la Maombi wa mahali pasipojulikana, na mama yake anauliza Uwase kila Alhamisi. Ningeikimbiza mashine ile hadi iote mabawa, ingejibu hakuna, haraka zaidi.

Hatukumwambia Veneranda siku ile, ilikuwa Jumanne. Tulingoja. Alhamisi alipokaa kwenye benchi, Epifania alimwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtoto wake alikuwa na alama mwilini. Veneranda aliinama, akashika kifundo cha mguu wake mwenyewe wa kushoto. Akasema alikuwa anafua, amempa mgongo, mtoto akakanyaga pale maji yanapotoka. Epifania alijaribu kuendelea na swali la pili, akaishia kuisukuma ile kadi kwa mzee. Papa Kalinda ndiye alimaliza.

"Mama," akasema, "kuko mutoto Goma."

Veneranda aliuliza mara moja tu kama ni mzima. Kisha akaweka kikapu chake mapajani, akakikumbatia.

Yalipita majuma ya karatasi na mihuri. Hatimaye asubuhi moja tulisimama Grande Barrière, sisi wanne, katikati ya kina mama wanaovuka na vikapu vya vitunguu. Mama wa Goma aliyemlea alikuja naye ameshika mkono. Huyo naye namshukuru, na jina lake siliandiki kwa sababu hakutaka sifa. Alikuwa amemsuka nywele upya na alikuwa analia kuliko sisi sote. Uwase alikuwa na miaka tisa. Alimtazama mama yake muda mrefu, hakumkumbuka. Akajificha nyuma ya kitenge cha yule wa Goma. Veneranda hakumvuta, akasema tu, "Twende tukaone maji."

Tulikwenda wote Nyamyumba. Pale kando ya ziwa maji yalikuwa yanatoka na mvuke wake kama kila siku. Uwase alichuchumaa, akapeleka kidole, akakitoa haraka. Akatutazama na uso wa mtu aliyebishiwa miaka mingi.

"Niliwaambia," akasema.

Hapo ndipo alipomgeukia mama yake.

Njiani kurudi nilimwambia Papa Kalinda nimeapa, sitagusa jampa tena maisha yangu, mashine ya Epifania itabaki sitini na sita. Nilidhani atafurahi. Alisimama barabarani.

"Hapana. We fundi wa namna gani? Kuko watu bado wanakaa kwa ile banc. Irudishe mbio. Irudishe vile inafaa." Akatembea hatua chache. "Na kwanza unakili."

Nilinakili orodha yote kwenye disketi, nikaziweka mikononi mwake mwenyewe azihesabu. Nikasomewa ukurasa wa kumi na moja mara tatu. Kisha nikaweka jampa kwenye mia moja, na dawa nyeupe safi, na feni kubwa, na ile mashine ilikimbia hadi ofisi ilipofungwa bila kupoteza herufi moja. Epifania aliongeza kwenye fomu mstari wa tano. Aliuita Anachokumbuka.

Alhamisi iliyofuata Veneranda hakuja. Pale alipozoea kukaa, mwisho wa benchi karibu na dirisha, alikuja kukaa mama mwingine, na kikapu kingine. Epifania alikuwa ametoka kidogo, nilikuwa peke yangu na mashine. Yule mama akataka kunitajia jina la mtoto ili niandike haraka. Nikavuta kiti changu karibu na benchi, nikaagiza chai, nikamwuliza mtoto wake alikuwa anapenda kusema nini.